Simu Imejaa

Agosti 2018, nikiwa kwenye matatu kutoka Kitale kwenda Bungoma, nilifuta sauti ya babu yangu. Tulikuwa tumepita Kiminini, hatujafika Kamukuywa. Kwenye kioo cha simu kulikuwa na lile onyo ambalo kila mwenye simu ya bei ya chini analijua: nafasi inakaribia kwisha. Usiku huo binamu yangu alikuwa anakesha akisubiri kutahiriwa alfajiri, na mimi nilitaka kupiga video. Nikafungua folda ya sauti, nikakuta faili zenye majina ya namba tupu, nikazichagua zote, nikafuta. Ilichukua muda mfupi kuliko konda kurudisha chenji.

Nimejaribu kuandika habari hii mara kadhaa na kila mara nimeishia kujilaumu tu. Lakini lawama haifundishi mtu. Safari hii nataka kuirudisha nyuma, kwa sababu kubanwa na nafasi hakukuanza na simu yangu. Kwetu watu wamebanwa tangu simu ya kwanza ilipoingia nyumbani, na waliotangulia walijua kukaa na shida hiyo kuliko mimi.

Simu ya kwanza nyumbani kwetu ilikuwa Nokia 1100, ile tuliyoiita mulika mwizi kwa sababu ya tochi yake. Nokia waliitoa mwaka 2003. Yetu mama aliipata mkono wa pili mjini Kitale miaka michache baadaye. Mama alikuwa mchuuzi. Alinunua ndizi na vitunguu soko la Chwele, huko Bungoma, akavileta Kitale. Biashara yake yote ilikaa kwenye simu hiyo, na simu hiyo ilikuwa na nafasi ya majina 50. Laini ilibeba mengine zaidi, lakini mama hakuiamini laini. Laini hupotea, alisema, na simu huibiwa.

Kwa hiyo akaweka sheria. Jina jipya likiingia, moja linatoka. Na linalotoka halitoki hivi hivi: linaandikwa kwanza kwenye daftari lenye jalada gumu alilolihifadhi chini ya godoro, pamoja na namba, mahali mtu anapotoka na anauza nini. "Wafula, ndizi, nyuma ya soko, anapunguza bei jioni." Nilipokuwa mdogo mimi ndiye niliyekuwa nikimwandikia, kwa hiyo najua. Kabla hatujafuta aliniuliza, "Umeandika?" Nikijibu ndiyo, alitaka nimsomee.

Kisha ikaja M-Pesa. Safaricom iliizindua tarehe 6 Machi 2007, na hapa kuna jambo ambalo wengi wa rika langu hatulijui kwa sababu tumezoea programu ya kubonyeza. M-Pesa haikuwekwa kwenye simu. Iliwekwa kwenye laini, ndani ya kile kipande kidogo cha plastiki chenye dhahabu. Watu wengi ilibidi wabadilishe laini zao za zamani ili wapate yenye menyu hiyo. Huduma iliyobadilisha maisha ya Wakenya wengi ilibanwa ikaingia kwenye nafasi ambayo leo isingetosha picha moja ya selfi. Ndiyo maana mulika mwizi ya mama, ambayo haingeweza kuongezewa programu yoyote, iliweza kutuma pesa sawasawa na simu ya tajiri.

Ila kila muamala ulileta ujumbe, na ujumbe ndio risiti. Kasha la meseji lilijaa haraka, na likijaa, alama ya bahasha inapepesa juu ya kioo: kuna ujumbe unangoja mlangoni na hauna pa kuingia. Huo unaweza kuwa ndio wa mteja aliyelipa. Mama hakufuta meseji ya pesa hata siku moja bila kuinakili. Tarehe, kiasi, jina, na ile namba ndefu ya herufi na tarakimu inayotangulia. Madaftari yakawa mawili, kisha matatu. Wachuuzi wenzake walimcheka kwamba amenunua simu ili aandike kama karani wa mahakama. Lakini ugomvi wa nani amelipa na nani hajalipa ulipozuka, walikuja kwake na kumwomba atoe daftari.

Kwa upande wa mama yangu kulikuwa na khocha, yaani mjomba, ambaye alikuwa mtu wa mambo mapya. Yeye alinunua mchina. Mnazikumbuka zile simu: laini mbili, antena ya televisheni, spika inayosikika mpaka barabarani, na jina linalofanana na la kampuni kubwa isipokuwa herufi moja. Mchina wake ulikuwa na kamera na kadi ya memori, na mimi nilipotahiriwa Agosti 2012, yeye ndiye aliyepiga picha. Alinipiga nikiwa nimevaa likhoni, ile nyama ambayo khocha humvalisha mtoto wa dada yake shingoni. Alinipiga nikicheza. Alinipiga alfajiri nikirudi kutoka mtoni nimepakwa matope, nikiwa na uso ambao nasikia haukuwa na woga. Nasikia tu, kwa sababu picha zenyewe sina.

Usiku wa tarehe 30 Septemba 2012, Tume ya Mawasiliano ya Kenya, CCK, ilifanya mitandao yote izime simu bandia. Zaidi ya simu milioni moja zilikatika. Ya khocha ilikuwa mojawapo. Haikufa, ndio ajabu yake. Iliwaka kama kawaida, ikacheza nyimbo, ikamulika tochi, ikaonyesha picha. Ilichokosa ni mtandao. Kwa muda wa mwaka mmoja hivi khocha aliitumia kama albamu: mgeni akija, anaiwasha na kumwonyesha. Hakuna aliyewaza kuzitoa picha mle ndani. Za kwenye kadi zingetoka kwa dakika tano kwenye saiba yoyote, lakini zangu alizipiga wakati kadi iliazimwa na mtu, kwa hiyo zilikaa kwenye kumbukumbu ya simu yenyewe. Betri ikavimba, mfuniko ukainuka, na siku moja haikuwaka tena. Naye hakuwa na daftari. Na picha utaiandikaje kwenye daftari?

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 2011, Safaricom walikuwa wameanza kuuza Ideos ya Huawei kwa karibu shilingi 8,000. Kwa Wakenya wengi hiyo ndiyo Android ya kwanza kushika mkononi. Kumbukumbu yake ya ndani haikuzidi MB 512, na mfumo wenyewe ulikuwa umeshakaa sehemu kubwa ya hapo. Ukiweka programu nne tano unaanza kuambiwa hakuna nafasi. Bahati nzuri Android 2.2, iliyotoka 2010, ilikuwa imeruhusu baadhi ya programu zihamishiwe kwenye kadi ya memori. Hapo ndipo kadi ilipogeuka kuwa kitu cha lazima, na Kitale na Bungoma zikajaa vijana wenye kompyuta moja, spika mbili na meza kando ya barabara. Unampa kadi yako, anakuwekea nyimbo na filamu. Ukitaka zaidi ya inavyoweza kubeba, anakuuliza: nitoe nini? Unasimama hapo juani unachagua kati ya lingala na injili.

Pia ndipo zilipokuja kadi za uongo. Hii niliipata kwa ngumu. Nilinunua kadi iliyoandikwa GB 32 kwa bei ya kutupa, na simu nayo ikasoma GB 32. Ndani ya kadi kuna kidude kidogo kinachoiambia simu ukubwa wa kadi, na mafundi wa udanganyifu hukifundisha kidude hicho kusema uongo. Kadi halisi huenda ni ya GB 4. Ukiijaza hizo nne, simu inaendelea kuandika ikidhani kuna nafasi, na kinachoandikwa ama kinapotea hewani au kinakalia cha zamani. Unaona majina ya faili yote yapo. Ukifungua, hakuna kitu. Dawa yake ni moja tu: ijaze kadi mpya yote siku ya kwanza, kisha fungua faili za mwisho uone kama zinacheza.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2017, na simu niliyoenda nayo chuoni ilikuwa ya mkono wa pili, GB 8. Msidanganyike na hiyo namba. Karibu nusu ilikuwa ya mfumo. Nusu iliyobaki waligombania wengine. Sisi huku husema memori tukiwa na maana ya vitu viwili tofauti: kuna meza ambayo simu inafanyia kazi, inayofutwa kila ukizima, na kuna kabati ambamo inaweka vitu vyake. Simu yangu ilikuwa na meza ndogo na kabati dogo, na nilidhani shida ni meza. Nikaweka programu ya kusafisha. Inazungusha kioo, inasema imeokoa hiki na kile, unajisikia vizuri. Kumbe yenyewe imekaa kwenye kabati lile lile, na zile programu inazozifunga zinafunguka tena baada ya dakika chache.

Kilichokuwa kinajaza kabati langu kilikuwa WhatsApp. Kila video ya kundi la darasa ilijipakua yenyewe. Nikimtumia mtu mwingine, nakala ya pili ilienda kwenye folda ya vilivyotumwa. Na kila usiku saa nane programu hiyo huandika akiba ya mazungumzo yote, na huweka akiba za siku kadhaa, si ya leo peke yake. Ongeza vijipicha vidogo ambavyo simu hutengeneza kwa kila picha ili matunzio yafunguke haraka. Ukifuta vijipicha hivyo hupotezi kitu chochote. Nilijua haya baadaye sana.

Nilijifunza pia kwa nini simu iliyojaa huwa mzito. Kumbukumbu ya aina hii haiwezi kuandika juu ya maandishi ya zamani kama unavyofuta kwa raba na kuandika hapo hapo. Inaandika kidogo kidogo lakini inafuta kwa mafungu makubwa. Inahitaji sehemu tupu ili ihamishe vitu, isafishe fungu zima, kisha iandike. Usipoiachia nafasi, kila kitendo kidogo kinageuka kuhama nyumba.

Sasa turudi kwa babu. Kwetu tunamwita Kuka. Nyumba yake ilikuwa upande wa Webuye, mahali ambapo ukitoka nje asubuhi unauona mlima wa Chetambe. Ujana wake aliufanyia kazi kwenye shamba la mzungu karibu na Kitale. Wakati huo Kitale ilikuwa tayari na makumbusho, yaliyofunguliwa 1926 na Stoneham, mkusanyaji wa wadudu na vitabu. Mkusanyiko wake ndio uliozaa makumbusho tunayoyaona mjini leo. Mtu yule alikuwa na vyumba vya kuweka kipepeo kwa jina lake. Kuka alikuwa na kichwa chake.

Likizo ya Aprili 2018 nilikaa naye uani na kumrekodi dakika arobaini. Alianza na rika. Babukusu tuna majina manane ya rika, bibingilo, na Kuka aliyahesabu kwa vidole: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma, Sawa. Yeye ni Nyange, alisema. Yakiisha manane tunarudi la kwanza, na mzunguko mmoja unakula kama miaka mia. Ndani ya kila rika, mwaka wa tohara hupewa jina la jambo lililotikisa watu mwaka huo. Nikamwambia, "Kuka, kumbe hata nyinyi mlikuwa na nafasi chache." Akaniuliza, "Nane ni chache? Wewe unaweza kutaja manane ya kwenu?" Sikuweza.

Halafu akaja kwenye Chetambe. Mwaka 1895 Waingereza wakiongozwa na C. W. Hobley walipigana na Babukusu, kwanza Lumboka, kisha Chetambe. Hayo yako vitabuni. Kisichokuwa vitabuni ni mama wa babu yake Kuka, ambaye aliwatoa watoto wawili ngomeni usiku mmoja kabla haijaanguka. Kuka alinieleza walipitia wapi, walikula nini, mtoto yupi alibebwa na yupi alitembea. Alinitajia jina la huyo mama, la ukoo aliotoka, na la mtu aliyewapokea. Mimi nilikuwa natikisa kichwa na kuangalia kama simu bado inarekodi. Sikuandika chochote. Simu si ilikuwa inaandika?

Hiyo ndiyo faili niliyofuta kati ya Kiminini na Kamukuywa.

Nilipiga video usiku mzima. Kengele, nyimbo, vumbi, binamu yangu akitoa jasho chini ya taa ya pikipiki. Ni wiki mbili baadaye, nikiwa nimerudi Kitale, nilipotafuta sauti ya Kuka nikakosa. Nikakimbia kwa fundi mmoja wa simu mjini. Nilikuwa nimesikia kwamba kilichofutwa kwenye kadi kinaweza kurudishwa, na ni kweli. Ukifuta faili, simu haiisugui. Inafuta tu jina lake kwenye orodha na kutangaza kwamba nafasi ile iko wazi. Maneno yenyewe yanabaki pale mpaka kitu kingine kije kiyakalie.

Fundi alichomeka kadi, akaniangalia.

"Boss, umepiga kitu tangu ufute?"

"Video. Usiku mzima."

"Kwa kadi hii hii?"

"Eeh."

Hakusema neno. Akajaribu hata hivyo, karibu saa nzima. Alichonirudishia ni picha za notisi za darasani ambazo sikuzitaka. Hakunitoza pesa.

Baadaye nikakaa chini nikapiga hesabu, na hii ndiyo inayoniuma mpaka leo. Simu ile ilirekodi sauti kwa muundo wa hali ya chini, ule wa simu za zamani, ambao dakika moja haifiki KB 100. Dakika zote arobaini za Kuka hazikufika MB 4. Video yangu ilikula karibu MB 90 kwa dakika. Maana yake ni kwamba historia ya ukoo wangu ilininunulia sekunde tatu za video, na hata hizo tatu hazikutimia. Tena jina la yule mama, peke yake, lisingezidi herufi kumi. Mulika mwizi ya mama yangu, yenye nafasi hamsini, ingelibeba na ibaki na arobaini na tisa.

Kuka alifariki Januari 2019, kabla sijapata ujasiri wa kumwomba arudie. Nilikuwa nimeona aibu, nikajiambia nitamwendea Aprili. Mwaka huo huo karo ilikwama na nikaacha chuo. Kwenye matanga niliwauliza wazee. Kukhu, bibi yangu, alisema yule mama aliitwa Nanjala, ingawa alikiri kwamba yeye aliolewa tu kwenye ukoo huu na hadithi aliisikia akiwa jikoni. Mzee mmoja wa ukoo akasema hapana, ni Nasimiyu, na Nanjala ni wifi yake. Wote wawili waliongea kwa uhakika. Shahidi wa kuwaamua nilikuwa naye mfukoni miezi minne.

Tangu hapo kampuni zimejaribu kutusaidia sisi wenye kabati dogo. Facebook walikuwa wameshatoa Lite mwaka 2015, ambayo mwanzoni haikufika hata MB moja. Google walitangaza Android Go mwaka 2017 kwa simu zenye meza ya GB moja kushuka chini, na Julai 2020 Safaricom na Google wakaleta Lipa Mdogo Mdogo, shilingi 20 kwa siku mpaka simu iwe yako. Lakini mlango ukifunguliwa huku, unafungwa kule: tarehe 1 Februari 2020 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Android 2.3.7 na zilizotangulia, na Ideos za watu zikabaki kama mchina wa khocha. Simu ya zamani haingoji ijae ndipo ikutupe.

Siku hizi naishi kwa kuandika, makala moja moja, nyingi kwa simu. Nina GB 32 na bado zinajaa. Nimerudi kwenye sheria ya mama. Sauti yoyote ya mtu naipa jina lake na tarehe kabla sijaondoka kiti nilichokalia, kwa sababu faili isiyo na jina ndiyo inayofutwa kwanza. Naituma kwa mtu wa pili siku hiyo hiyo. Simu ikijaa naanza na folda ya vilivyotumwa, kisha akiba za usiku, na sigusi folda ya sauti nikiwa safarini. Nikifuta kitu kwa bahati mbaya, naitoa kadi papo hapo na sipigi picha tena. Na majina ya watu nayaandika kwa kalamu wakati mzee bado anaongea, hata kama simu inarekodi. Wewe unayesoma hapa, kama unayo sauti ya mzee wako ikikaa mahali pamoja tu, isogeze leo.

Mwezi uliopita nilimtembelea mama Kitale. Bado anatumia kabambe, bado ana daftari, sasa ni la saba. Nikamwomba kalamu. Kati ya ndizi za Machi na vitunguu vya Aprili kuna mstari ambao haumhusu mteja yeyote: Nanjala au Nasimiyu, aliwatoa watoto wawili Chetambe. Mama akaniambia nimsomee. Nikamsomea. Akachukua kalamu, akaongeza pembeni majina ya wazee watatu walio hai, na namba zao za simu.